Skrubu za Birika la Fedha

Nyumbani kwa Mama Sweta hapakuwa na kitu kilichobaki na skrubu zake za asili. Kitasa cha mlango kilishikwa na waya. Redio ilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Kiti cha sebuleni kilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa chuma, na mgeni akikikalia, kiti kiligeuka kidogo kuelekea dirishani.

Kazi hiyo yote ilikuwa ya mumewe. Watu walimwita Nikaze, kwa sababu alipoona kitu kinacheza, hata kidogo, alisema, "Ngoja nikaze." Hakuwa mvivu, wala hakuwa na roho mbaya. Ni mikono yake tu haikujua kutulia. Siku moja alikwenda kwa shemeji yake kutoa pole ya msiba, na kabla ya kuondoka alikuwa ameshakaza miguu ya meza.

Mama Sweta yeye alikuwa mfumaji. Kila asubuhi alivuka barabara kwenda kwa bibi mmoja mtu mzima, mwenye mashine ya kufuma masweta. Mashine ilikuwa ndefu kama benchi, na sindano zake zilipangwa mstari mmoja. Ukisukuma kigari chake kwenda na kurudi, kinalia kraa, kraa, na sweta linateremka polepole chini ya meza. Mashine haikuwa yake. Alilipwa kwa kila sweta alilomaliza. Lakini aliijua kwa sauti, kama mama anavyomjua mtoto wake akikohoa chumba cha pili.

Jumatatu moja bibi alimwita pembeni.

"Mwanangu, macho yangu yamechoka," alisema. "Nahamia kwa binti yangu. Mashine naiuza."

Mama Sweta alikaa chini bila kukaribishwa.

"Mwenye duka la sare za shule anaitaka," bibi aliendelea. "Ana wafumaji wake. Lakini wewe umeifanyia kazi miaka mingi, nikaona nikuulize kwanza. Ni elfu tisini. Nitakusubiri mpaka Jumamosi. Ikifika Jumapili, mwanangu, usinilaumu."

Mama Sweta alikuwa na elfu thelathini kwenye kibubu. Alipungukiwa na elfu sitini. Mashine ikienda, kazi nayo imekwenda.

Jioni alivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na vitu vya fedha alivyoachiwa na bibi yake mzaa mama: birika la chai, sinia, vijiko sita, na vikuku viwili vinene vya mkononi. Vyote vilikuwa vimefungwa kwenye shuka kuukuu, na vyote vilikuwa vimeingia weusi.

"Tuuze," alimwambia mumewe. "Kila kitu. Hata vikuku."

Vikuku hivyo bibi yake huyo alimvisha kwa mikono yake mwenyewe. Kuvitoa kulimuuma sana, na hakuficha. Alilia kidogo, akajifuta kwa shuka lile lile, akajipaka weusi usoni.

Nikaze alimhurumia. Na Nikaze akimhurumia mtu, mikono huanza kuwasha.

"Lakini ni vyeusi mno," alisema. "Nani atanunua kitu cheusi? Ngoja niving'arishe."

Kesho yake, mkewe akiwa kazini, alifunga brashi ya waya kwenye drili. Alianza na birika. Birika lile lilikuwa na maua yaliyochongwa tumboni, na ndege wawili wakitazamana karibu na mdomo. Drili ilinguruma. Kwa bahati nzuri umeme ulikatika kabla hajafika kwenye vijiko. Kwa bahati mbaya ulikatika baada ya birika kwisha.

Mama Sweta aliporudi alilikuta birika linang'aa mezani.

"Maua yako wapi?" aliuliza.

"Yalikuwa yanashika uchafu," Nikaze alijibu.

"Na ndege?"

"Mmoja bado yupo. Ukiinamisha hivi, karibu na taa, unamwona."

Mama Sweta alilirudisha birika kwenye shuka. Muda wa kugombana hakuwa nao.

*

Jumatano walikwenda mjini, kwenye mtaa wa masonara, wale wanaofua na kununua dhahabu na fedha. Waliingia duka la kwanza waliloliona. Lilikuwa na feni kubwa darini, na chini ya feni alikaa sonara mnene mwenye tabasamu zuri.

"Karibuni, karibuni! Kaeni. Mmeniletea nini?"

Mama Sweta alifungua shuka. Sonara alitazama mara moja tu, akatoa sumaku mfukoni. Aliigusisha kwenye mshikio wa birika. Tak! Sumaku ikanata.

"Aa," alisema kwa huzuni. "Pole, mama. Hii si fedha. Ni bati. Fedha haishikwi na sumaku."

Mama Sweta alilivuta birika kwake. "Bati? Birika la bibi yangu?"

"Wazee wetu walidanganywa sana," sonara alisema. "Na kama birika ni bati, hivi vingine navyo ni ndugu zake."

Mama Sweta alimgeukia mumewe apate msaada. Nikaze alikuwa ameinua kichwa, anaitazama feni. Aliitazama kama mtu aliyekuja dukani kununua feni. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Lakini mimi nina huruma," sonara aliendelea. Alivirusha vitu vyote kwenye mizani kwa pamoja, akasoma namba peke yake, akavitoa haraka. "Nitakupa elfu ishirini kwa vyote, na vikuku ndani yake. Uchukue sasa hivi. Bei inashuka, mama. Ikifika jioni, sitaweza kukupa hata hiyo."

Alipokuwa akisema hayo, mkono wake ulikuwa juu ya vikuku. Alikuwa anavipapasa.

Mama Sweta hakujua lolote kuhusu fedha. Lakini masweta aliyajua, na wanunuzi wa masweta aliwajua zaidi. Mteja akiliponda sweta na kulitupa, hana haja nalo. Akiliponda huku amelishika, analitaka.

"Nitarudi," alisema, akaanza kufunga shuka.

"Elfu ishirini na mbili!"

"Kwa bati?" Mama Sweta aliuliza.

Akabeba shuka. Wakatoka.

*

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Mizani. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la fedha kwa muda mrefu. Sasa alikuwa amestaafu biashara, lakini biashara ilikataa kumstaafu yeye. Mwuza nyanya akipita, Bi Mizani alishusha bei hata ya nyanya ambazo hakuwa na nia ya kununua. Alisema ni mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, Bi Mizani."

"Marahaba. Umekumbatia nini hicho? Weka mezani. Usiniambie bei."

Alivaa miwani, akalitazama birika. Kisha akalitazama tena.

"Nani amelivua nguo birika hili?"

Nikaze akatazama juu. Huku hakukuwa na feni, basi akatazama utando wa buibui.

Mama Sweta alisimulia yote: mashine, Jumamosi, sonara wa feni, sumaku, bati. Bi Mizani alimsikiliza, kisha akanyoosha mkono kwa Nikaze.

"Lete sumaku. Mtu kama wewe hutembei bila sumaku."

Nikaze aliitoa mfukoni, imetoka kwenye spika ya redio. Bi Mizani aliigusisha kwenye tumbo la birika. Ikaanguka. Akaigusisha kwenye kifuniko. Ikaanguka. Akaigusisha kwenye mshikio. Tak!

"Birika limekataa. Mshikio umekubali," alisema. "Kuna nini kwenye mshikio?"

Nikaze alirudi kuutazama utando wa buibui.

"Mume wangu?" Mama Sweta aliita taratibu.

"Skrubu," Nikaze alisema kwa sauti ndogo. "Nne. Mshikio ulikuwa unacheza. Miaka mingi sasa."

"Na?"

"Na ndani ulikuwa mtupu, kama bomba. Nikaweka simenti kidogo."

"Simenti!"

"Kidogo tu! Na tangu siku hiyo umewahi kucheza?"

Mama Sweta hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. "Kule dukani ulijua! Ulinyamaza, nikaambiwa bibi yangu alikuwa na birika la bati!"

"Niliogopa," Nikaze alisema. "Nilijua utakasirika."

"Sasa sijakasirika?"

Bi Mizani aligonga meza. "Ugomvi mtakwenda nao nyumbani, hauna bei. Bwana, toa skrubu zako."

Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu aoe, Nikaze alilegeza kitu. Skrubu ziliingia kwenye kikopo chake. Simenti aliivunjavunja na kuimwaga uani. Sumaku ikarudishwa kwenye mshikio, ikaanguka chini.

"Basi ni fedha!" Mama Sweta alipiga makofi.

"Pole pole," Bi Mizani alisema. "Sumaku hukuambia jambo moja tu, kwamba chuma kipo au hakipo. Shaba nayo haishikwi na sumaku. Lete hilo sinia."

Alilisogeza sinia dirishani, akaonyesha ukingo wake. Palipokuwa pamesuguliwa na vidole miaka yote, rangi ya kahawia ilikuwa imejitokeza.

"Unaona? Hii ni shaba iliyochovywa kwenye fedha. Juu nyeupe, ndani kahawia. Sinia zuri, lakini sonara hatakulipa kitu cha maana."

Mama Sweta alilipapasa. Sinia ndilo alilokuwa akilitegemea, kwa ukubwa wake. "Bibi alilitumia kuletea chai kila jioni," alisema.

"Basi liendelee kuleta chai. Sasa geuza birika."

Chini kabisa, mahali ambapo brashi ya Nikaze haikufika, palikuwa na namba ndogo zimepigwa muhuri: 925. Vijiko navyo vilikuwa nazo, na vikuku kwa ndani.

"Hiyo ndiyo alama," Bi Mizani alisema. "Maana yake, katika kila gramu elfu moja za chombo hiki, gramu mia tisa ishirini na tano ni fedha yenyewe. Zilizobaki mara nyingi ni shaba, ya kukipa ugumu. Fedha tupu ni laini mno. Lakini alama peke yake nayo usiiamini moja kwa moja. Matapeli wana mihuri. Sonara wa kweli atakwaruza kidogo, atatia tone la tindikali, atatazama rangi. Mwache afanye mbele yako."

"Na weusi huu?"

"Weusi si ubaya. Fedha ikikaa na hewa huwa nyeusi. Futa kwa kitambaa laini ukitaka, au acha. Ukisugua kwa waya unakula fedha, na unakula maua. Birika hili lilikuwa la kuuzwa kama birika zuri la kale. Sasa litauzwa kwa uzito, kama chuma chakavu."

Nikaze alijikunyata kwenye kiti.

"Hebu nieleze, Bi Mizani," Mama Sweta alisema. "Hawa masonara faida yao inatoka wapi?"

Macho ya Bi Mizani yaling'aa. Hilo ndilo swali alilokuwa akilisubiri tangu astaafu.

"Chukua kijiko kimoja. Kina gramu arobaini. Ukitoa ile shaba, unabaki na fedha gramu thelathini na saba. Kuna bei ya fedha inayotangazwa kila siku, dunia nzima, hata kwenye simu utaiona. Tuseme leo gramu moja ni mia moja. Kijiko kina fedha ya kiasi gani?"

Mama Sweta alifumba macho, kama anavyohesabu vishono. "Elfu tatu na mia saba."

"Barabara! Lakini sonara hatakupa hiyo. Akikupa hiyo, yeye atakula nini? Kijiko akipeleka kuyeyushwa atakatwa gharama. Ana kodi ya duka, ana leseni, ana mlinzi. Na bei ikianguka kesho, hasara ni yake. Kwa hiyo atakupa pungufu, na pengo hilo ndilo chakula chake. Akikupa elfu tatu, mshukuru. Akikupa elfu moja, amekuona mjinga."

"Na akikiuza bila kuyeyusha?"

"Ndiyo faida nyingine! Amekinunua kwako kama chakavu, amekipangusa, amekiweka kwenye kabati la kioo na taa juu yake. Vijiko sita vinavyofanana, vizima, mtu hulipia zaidi ya uzito. Kwa hiyo kitu kizuri usikipeleke kwa mwenye jiko la kuyeyusha. Kipeleke kwa anayeuza vitu vya kale. Na usikubali vyote vitupwe kwenye mizani kwa pamoja. Sinia la shaba litakuharibia bei ya birika. Mimi nilifurahi sana mteja akileta fungu zima! Nilimlipa bei ya kibaya, nikachukua kizuri ndani yake."

"Ulikuwa ukiwaambia wateja ni bati?"

"La! Mimi uongo sikusema," Bi Mizani alijibu kwa fahari. "Mimi nilinyamaza tu, mteja akajidanganya mwenyewe. Sasa nisikilize. Shida zote hizi za nini? Mimi hapa hapa nitakupa elfu arobaini, taslimu."

Mama Sweta aliruka kwa furaha. Arobaini! Mara mbili ya sonara! Alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo. Kisha akaufunga, akafumba macho, akahesabu vishono.

"Bi Mizani, si umesema kijiko kimoja kina fedha ya elfu tatu na mia saba? Vijiko sita peke yake ni zaidi ya elfu ishirini. Birika je? Vikuku je?"

Bi Mizani alicheka mpaka akakohoa, mpaka Nikaze akamletea maji.

"Umehitimu," alisema. "Nilikuwa nakupima."

"Ulikuwa unanunua."

"Vyote viwili, mwanangu. Vyote viwili."

Walikubaliana kwamba malipo ya somo ni sweta moja, siku mashine ikipatikana. Walipoondoka, Bi Mizani aliwasindikiza mpaka kwao, akasimama ghafla uani, karibu na banda lao la kuku. Alikuwa ameona upawa mweusi ndani ya gunia la pumba.

"Na huo?"

"Huo wa kuku," Nikaze alisema. "Ulikuwa wa bibi, lakini umeoza."

Bi Mizani aliupangusa kwa kanga yake, akaugeuza. 925. Kuku wa Mama Sweta walikuwa wakihudumiwa kwa fedha, na bado hawakuwa wakitaga vizuri.

"Jambo la mwisho," Bi Mizani alisema. "Kesho beba pakiti ya chumvi."

*

Alhamisi Mama Sweta alipima kila kitu kwanza kwenye mizani ya muuza duka wa mtaani, akaandika kiganjani kwa kalamu. Birika bila skrubu wala simenti: gramu mia tano. Upawa: mia moja na ishirini. Kisha akanunua pakiti ya chumvi ya nusu kilo na kuitia mkobani.

Nikaze aliruhusiwa kufuatana naye kwa sharti moja, asiguse kitu.

Walianza kwa sonara wa feni. Mama Sweta alitaka kujua tu.

"Umerudi!" sonara alisema. "Nilijua."

"Kabla ya mambo mengine," Mama Sweta alisema, "naomba unipimie hii."

Akaweka chumvi kwenye mizani. Sonara alichelewa kuizuia. Namba zikatulia kwenye gramu mia nne na thelathini.

"Pakiti imeandikwa mia tano," Mama Sweta alisema.

"Labda chumvi imepungua njiani," sonara alisema.

"Imekwenda wapi? Imefungwa!"

"Unyevu, mama. Hali ya hewa."

Nikaze hakuweza kuvumilia. Aliinama, akachungulia chini ya mizani. "Hii mizani inacheza," alisema. "Ngoja ni..."

"Mume wangu!"

Nikaze aliificha mikono mgongoni. Wakamwacha sonara akiitazama feni yake, safari hii ni yeye aliyekuwa na masikio mekundu.

Duka la pili lilikuwa ghorofani, la sonara mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mmoja juu ya kipaji. Chumvi ilisoma mia tano na mbili, pamoja na nailoni yake. Sonara hakuuliza chumvi ni ya nini. Alitabasamu tu.

"Nani amekufundisha?"

"Jirani."

"Kitambulisho unacho? Na vyombo hivi umevipata wapi?"

Nikaze alikasirika. "Unatuita wezi?"

"Ninauliza kila mtu, bwana. Nikinunua kitu cha wizi, mimi ndiye nitakayelala ndani. Ukiona sonara haulizi, ujue vya wizi navyo anapokea."

Mama Sweta alitoa kitambulisho na kusimulia habari za bibi yake. Sonara alikwaruza kidogo chini ya birika, akatia tone la tindikali, akaridhika. Akaukwaruza na upawa, akanusa.

"Una harufu ya pumba."

"Ni habari ndefu," alisema Mama Sweta.

Alipima vyote viwili, kimoja kimoja, mizani ikiwa imemwelekea mteja. Kisha akafungua simu na kuonyesha bei ya siku: mia moja kwa gramu ya fedha safi.

"Kwa hii ya 925 nitakupa sitini na tano kwa gramu," alisema.

Mama Sweta alijibu bila kupepesa. "Fedha iliyomo ni tisini na mbili na nusu. Najua una kodi. Najua una mlinzi, nimempita ngazini. Lakini mlinzi mmoja hawezi kula yote hayo. Themanini."

Sonara alishusha miwani ya juu ikakutana na ya chini. "Jirani yako ni nani hasa?"

"Bi Mizani."

"Lo! Huyo mama!" Sonara alishika kichwa. "Alinunua kwangu bangili za marehemu mama yangu kwa bei ya kijiko. Ndiyo sababu nikajifunza kazi hii! Sabini na nne, na stakabadhi, na usimwambie nimekubali."

Birika na upawa vikatoa karibu elfu arobaini na sita. Birika lilipoondoka mezani, Mama Sweta alimtafuta yule ndege mmoja kwa mara ya mwisho. Alimwona, akageuza uso.

Vijiko hawakumpa sonara. Walivipeleka mtaa wa pili, kwa mama anayeuza vitu vya kale. Vilikuwa sita, vizima, vyeusi, na maua yake yote. Mama yule alijidai havitaki. Lakini alikuwa ameshika kimoja, na hakukiweka chini. Mama Sweta akangoja. Akapewa elfu ishirini na mbili.

Sitini na nane kwa jumla! Mama Sweta alisimama katikati ya barabara na kukumbatia pakiti ya chumvi. Vikuku vilikuwa bado mkobani. Hakuwa na haja ya kuviuza tena. Alivivaa pale pale, na watu wanapita.

*

Ijumaa jioni mashine ilivuka barabara, imebebwa na wanaume wanne, bibi mwenyewe akiwafuata nyuma na kuwagombeza. Nikaze alitamani kuisaidia tangu mlangoni. Mkewe alimtazama tu.

"Hii mashine," alisema, "hutaigusa. Usiikaze, usiing'arishe, usiitazame kwa muda mrefu."

Ile elfu nane iliyobaki ilinunua nyuzi. Mwezi haukuisha kabla ya mwenye duka la sare kuja mwenyewe kuagiza masweta, maana wafumaji wake hawakutosha.

Sweta la kwanza lilikuwa la Bi Mizani. Alilijaribu mbele ya kioo, akageuka huku na huku.

"Halina mikono," alisema.

"Tulikubaliana sweta. Mikono hatukuitaja."

"Ulinyamaza!"

"Uongo sikusema," Mama Sweta alijibu. "Wewe ndiye uliyejidanganya. Mikono ni elfu mbili."

"Elfu mbili! Faida yako hapo ni kiasi gani?"

"Uzi ni elfu moja na mia mbili. Mia tatu za muda na umeme. Mia tano ni chakula changu. Nami nakueleza waziwazi, mizani ikikuelekea wewe."

Bi Mizani alifungua pochi huku akinung'unika kwamba amemlea nyoka. Lakini alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo majirani walilizungumzia kwa siku kadhaa.

Siku moja, Mama Sweta akiwa katikati ya oda kubwa, mashine ilianza kutikisika. Alisimama, akachungulia chini ya meza. Skrubu moja ya mguu ilikuwa imeanguka na kupotea. Kila aliposukuma kigari, mashine iliyumba, na vishono vikaruka. Alijaribu kuweka karatasi iliyokunjwa. Alijaribu kijiti. Kisha akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akahakikisha hakuna jirani anayesikia.

"Mume wangu," aliita, "njoo."

Nikaze alifika kabla neno halijaisha, kikopo mkononi.

"Moja tu," Mama Sweta alisema. "Usiongeze."

Nikaze alichakura kikopo, akajaribu moja, ikakataa, akajaribu nyingine. Iliingia sawasawa, kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya mguu ule. Mama Sweta aliinama na kuitambua. Ilikuwa imetoka kwenye mshikio wa birika.

Alicheka, vikuku vikagongana mkononi mwake.

"Kaza," alisema. "Kaza vizuri."